Shina Moja Katika Udongo Mgonjwa

Walisema sitaweza. Jirani yetu wa Asembo, mama anayeuza ndizi kando ya barabara, alisema mbele ya mama yangu kwamba mtu wa diploma hawezi kazi iliyowashinda watu wa digrii. Binamu aliyenipokea uwanja wa ndege niliporudi nchini alinipa miezi michache kabla sijaanza kutafuta viza nyingine. Mwalimu mmoja aliyenifundisha chuoni, nilipompigia simu, alicheka mpaka akakohoa.

"Utaotesha ukungu, bwana," akaniambia. "Ndizi ya tishu, ya kukuzwa ndani ya chupa, inataka maabara. Wewe una nini?"

Nilikuwa na mikono yangu, na sioni haya kusema kwamba ni mikono mizuri. Niliondoka nchini nikiwa na diploma ya kilimo na simu yenye kioo kilichopasuka. Huko Uarabuni nilipata kazi ya kuosha chupa katika maabara iliyozalisha miche ya mitende. Niliosha mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na nilipokuwa nikiosha nilikuwa nikitazama. Kufikia wakati wa kuondoka, nilikuwa nimekaa kwenye meza ya kukatia miche kwa miaka, na trei zangu zilipata ukungu mara chache kuliko za mtu yeyote katika chumba kile, wakiwemo wenye vyeti vikubwa kuliko changu. Hakuna mjomba aliyenitafutia nafasi hiyo. Nilijitengeneza mwenyewe, na nilirudi kwa hiari yangu, wakati msimamizi akiniomba nibaki.

Nilirudi kwa sababu ya migomba ya mama yangu. Alikuwa na shamba la ndizi sukari, zile fupi zenye ganda jembamba, karibu na ufuo, mahali ambapo maji ya ziwa yanafikika kwa ndoo. Nilikua nikizila. Nikiwa huko ng'ambo ugonjwa uliingia. Majani ya chini yaligeuka manjano, yakavunjika shingoni na kuning'inia kando ya shina kama sketi. Ukipasua shina unakuta duara za kahawia ndani. Ugonjwa huo unakaa kwenye udongo. Unang'oa mgomba, unapanda maharagwe, unangoja miaka, unapanda mgomba tena, nao unakufa. Mama aliniambia kwa simu kwamba wa mwisho umeanguka, kwa sauti ile anayotumia kutangaza msiba, na mimi nikaanza kufunga sanduku.

Watu wengi hawaelewi kazi ya chupa, kwa hiyo nitaieleza. Unachukua chipukizi la mgomba, unalimenya ganda baada ya ganda mpaka unafika kwenye moyo wake mweupe ulio mdogo kama punje ya mahindi. Unauweka ndani ya chupa iliyochemshwa, juu ya uji mzito wa sukari, chumvi za mimea na unga wa mwani unaogandisha. Ule moyo unazaa vichwa, yaani vichipukizi vidogo. Unavigawa, unaviweka kwenye chupa nyingine, navyo vinazaa. Mche unatoka humo ukiwa safi kabisa.

Lakini safi ni safi tu. Chupa haiupi mgomba nguvu ya kupigana. Siku mche unapogusa udongo mgonjwa, unaugua kama mingine. Wauzaji wa miche hawapendi kulisema hilo, mimi nalisema. Nilichokuwa nakifuata ni kitu kingine, ambacho maabara za biashara hukiita kasoro. Ukiendelea kugawa vichwa vile vile kwa vizazi vingi mno, baadhi ya watoto wanaanza kutofanana na mama yao. Mmoja anakuwa kibete, mwingine majani yake yana mabaka. Wenye maabara huwatupa. Mimi nilitaka hao hao. Nilitaka nizalishe watoto wengi wasiofanana, niwapande wote kwenye udongo wa mama yangu uliojaa ugonjwa, niwaache wafe, kisha nimtafute ambaye hakufa.

Chumba nilipewa na shangazi yangu anayeuza samaki Dunga, ufuo wa mbali wa ziwa lile lile. Kilikuwa ghala lake la nyuma, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ilikuwa imeingia hata kwenye saruji. Alinikopesha pia sufuria yake kubwa ya presha, kwa sababu bila mvuke wa presha huwezi kuua vijidudu kwenye chupa.

"Ukimaliza kupika hiyo uji yako ya ndizi, nataka sufuria yangu," aliniambia. "Na isinuke dawa. Nitapikia wageni nayo."

"Shangazi, ndani ya hiyo sufuria kutakuwa safi kuliko hospitali."

"Hata hospitali watu wanafia."

Machipukizi niliyaomba kwa wanawake wa kwetu Asembo. Kwetu chipukizi la mgomba halinunuliwi. Unapewa, na wako ukizaa unarudisha chipukizi kwa aliyekupa. Hata miaka ikipita, mwenyewe anakumbuka, na wanawe wanakumbuka. Nilipita boma kwa boma nikiomba kutoka kwenye mashina ya ndizi sukari ambayo bado yalikuwa yamesimama wakati ya jirani yameanguka. Kila mmoja nilimwahidi kwamba nitamrudishia mgomba usiokufa. Nilisema neno hilo kwa sauti, mchana, mbele ya watu.

Mama wa barabarani alikuwa na shina moja tu. Alililetea panga mwenyewe, akang'oa chipukizi, akalitikisa udongo.

"Chukua, Daktari," alisema. Daktari lilikuwa jina langu la dhihaka tayari. "Lakini likifia kwenye chupa, utalichinjia ng'ombe na kulizika kama mtu. Mtu wangu alipanda hilo shina wakati tulipooana."

Mumewe, mzee mpole aliyekuwa akiugua kifua, alicheka kutoka kwenye kiti chake. "Mwache, mama. Angalau yeye anajaribu."

Msimu wa kwanza ukungu ulinila. Niliingia asubuhi nikakuta chupa zimeota manyoya ya kijivu na ya kijani, rafu nzima. Wanawake wa Dunga walikuwa wakikaanga samaki upande wa pili wa ukuta, na kila moshi ulipoingia uliingia na uchafu wake. Niliziba madirisha kwa nailoni. Nilitengeneza kisanduku cha kioo chenye matundu mawili ya kuingizia mikono, nikawa nakatia humo, spiriti ikiwaka kando yangu. Niliacha kuzungumza nikiwa kazini, kwa sababu mdomo unatoa vijidudu. Stima ilipopotea nilisogeza rafu dirishani ili vichwa vipate mwanga wa jua. Ukungu ukapungua, ukapungua tena, ukaisha. Yule mwalimu wa chuo angeingia humo angekosa la kusema, nami nilimwalika mara nyingi. Hakuja.

Miche ilipopata mizizi niliikomaza chini ya neti, kwenye tope jeusi la miwa nililolichukua upande wa Muhoroni, nikipakiwa juu ya trela tupu zinazorudi kutoka kiwanda cha sukari. Kisha nikaipeleka Asembo, nikaipanda safu kwa safu mahali ambapo migomba ya mama ilifia.

Ikaanza kufa. Hilo lilikuwa mpango wangu na bado lilikuwa gumu kutazama. Kila nilipokwenda nyumbani nilikuta safu imepungua. Mama alikuwa akiimwagilia kwa ndoo kutoka ziwani, akijua kwamba anaimwagilia ife.

"Nyathina," aliniambia siku moja, yaani mwanangu, "watu wengine wanafuga kuku. Wewe unafuga vifo."

"Kuna mmoja atabaki, Mama."

"Na akibaki, atakaa na nani?"

Nilileta kundi la pili, likafa. La tatu likafa karibu lote. Wapita njia waliacha kunitania, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilianza kukubali kwamba nimemaliza ujana wangu ng'ambo na sasa namalizia nguvu zilizobaki kwenye kaburi la migomba.

Lakini kwenye kundi la tatu kulikuwa na mgomba mmoja ambao ulikataa. Ulikuwa mfupi kuliko mama yake, mshipa wa katikati ya jani ukiwa na wekundu pembeni. Iliyouzunguka yote ilianguka. Huo ulitoa jani, ukatoa lingine. Nilichimba kidogo kando ya tunguu, ule uvimbe wa chini ya shina, nikakata kipande, nikakiangalia kwenye jua: cheupe, bila duara, bila doa. Nilikaa chini kwenye udongo nikiwa na kile kipande mkononi. Mtu mwenye diploma, aliyeosha chupa za watu, alikuwa ametoa, kwa sufuria ya jikoni, mgomba ambao udongo ule haukuuweza. Sijui mtu mwingine kando ya ziwa hili aliyefanya hivyo.

Ulizaa. Nilimpelekea mama wa barabarani kidole kimoja kilichoiva. Alikimenya taratibu, akala, akakunja ganda.

"Ni yenyewe," akasema. "Ladha ni yenyewe. Yangu unaleta lini?"

"Nikishaona machipukizi yake nayo yanavumilia. Mvua ikija."

"Mvua gani? Sema vizuri, Daktari. Mzee wangu anataka kuona."

Nilikuwa na sababu ya kungoja. Shina lile lilikuwa limetoa machipukizi machache tu, na nilihitaji kuyaona yakikua katika udongo ule ule kabla sijayakata. Mtu anayejua kazi hagawi kitu ambacho hajakipima. Kilichonitisha kilikuwa ugonjwa mwingine, uliokuwa umefika kwenye maboma ya juu. Huo haukai kwenye udongo tu, unasafiri kwa panga. Unakata mgomba mgonjwa, shina linatoa usaha wa manjano, unakwenda kukata mzima kwa panga lile lile, umeshauambukiza. Mgomba wangu uliushinda ugonjwa wa udongo. Huu wa panga hakuna ndizi ninayoijua inayoushinda.

Kwa hiyo niliweka beseni la maji yenye jiki, dawa ya kuua vijidudu, penye mwingilio wa shamba, nikatoa amri: hakuna panga linaloingia bila kuchovywa. Mama alilisimamia jambo hilo kwa ukali. Aliwahi kumrudisha hata mchungaji wa kanisa lake, aliyekuja kutaka majani ya kufunikia sufuria.

Kisha mzee wa mama wa barabarani akafariki.

Habari zilinikuta Dunga nikiwa katikati ya kugawa vichwa, kazi ambayo ukiiacha chupa zinaharibika. Nilisema nitakwenda siku ya mazishi, na ndivyo nilivyofanya. Niliposhuka, boma lilikuwa limejaa watu, mahema yamefungwa, na nyuma ya nyumba wanaume walikuwa wakikata nyama ya fahali. Kwetu nyama ya matanga inatandikiwa majani ya migomba. Hakuna anayeomba ruhusa. Wanaume wanatoka na panga, wanapita boma kwa boma, wanakata majani wanapoyakuta, na mwenye boma anashukuru kwamba naye ametoa kitu.

Niliyaona majani yangu. Yalikuwa chini ya ini na mbavu, yakiwa bado mabichi, na ule wekundu pembeni mwa mshipa. Kando yake kulikuwa na majani mengine yenye kingo za manjano, yaliyolegea kama kitambaa kilicholowa. Niliyajua yametoka wapi. Yalikuwa ya boma la juu, ambako mikungu ilikuwa ikiivia mtini nusu nusu.

Mmoja wa wachinjaji, mwanamume tuliyesoma naye, aliniona nimesimama. "Omera, ndugu yangu, karibu," akasema. "Mbona unatazama nyama kama daktari wa mifugo? Chukua kisu, saidia."

"Majani mmeanzia wapi kukata?"

"Juu kule, tukashuka. Kwani?"

"Na panga?"

"Hili hapa. Ni la marehemu, Mungu amrehemu. Linakata vizuri."

Nilichukua kisu nikasaidia. Nilisikiliza hotuba zote, nikatupa udongo kaburini, nikampa mkono mjane. Alinishika mkono mrefu kidogo, akasema, "Alikuwa akikungoja."

Jioni nilimkuta mama akikunja leso yake.

"Waliingia shambani?"

"Waliingia."

"Panga lilichovywa?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mtu amelala kwenye jeneza, ndugu zake wanakuja kutafuta majani, mimi nisimame hapo na beseni? Niwaambie nini? Chovyeni kwanza, nyinyi ni wachafu?"

"Ungesema ni mimi nimeagiza."

"Wangesema huyu wa Uarabuni anafikiri tumekuja na kifo mkononi. Na siku yangu mimi, nani atakuja kukata majani? Utanizika na chupa zako?"

Nilipaza sauti. Nilisema mambo mengi kuhusu kazi yangu na miaka yangu. Yeye aliendelea kukunja leso, na nilipomaliza akasema kwamba chakula kiko jikoni. Mpaka leo sidhani nilikosea kukasirika, na sidhani yeye alikosea. Hata kama ningekuwepo nisingeweza kulisogeza beseni lile mbele ya wanaume wale. Hilo ndilo linaloniumiza. Ukungu niliuweza kwa nailoni na spiriti.

Mgomba ulikuwa bado unaonekana mzima, na ugonjwa huo unaweza kujificha kwa wiki kadhaa. Niliyang'oa machipukizi yake yote kesho yake asubuhi, kila moja kwa kisu chake, nikayakimbiza Dunga. Niliyamenya zaidi ya nilivyowahi kumenya, mpaka nikabaki na moyo mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Sikuwahi kukata vizuri hivyo maishani mwangu. Msimamizi wangu wa zamani angelisimamisha chumba kizima waje waone.

Kwa siku chache chupa zilikuwa safi. Kisha, chini ya moyo wa kwanza, ule uji uliokuwa wazi kama maji ukaanza kuwa na wingu, kama maziwa yaliyomwagika kidogo. Wingu likatambaa. Chupa ya pili ikafuata, na zote zilizobaki. Nilifungua chupa moja, nikanusa, nikaifunga.

Shangazi alichungulia mlangoni. "Zimelala?"

"Zimekufa."

"Zote?"

"Zote za ule mgomba."

Alivua ndara zake kama nilivyomfundisha, akaingia, akasimama karibu nami mbele ya rafu.

Asembo nako mgomba uliegemea, ukageuka manjano kuanzia jani la juu. Nilipoukata shina, usaha ulitoka taratibu, ukashuka mpaka kwenye kiganja changu. Niliuchoma moto hapo hapo. Watu wameniuliza kwa nini sitengenezi mwingine. Wanadhani kulikuwa na maandishi ya kufuata. Mabadiliko yale yanatokea yenyewe, mahali usipopaona, katika mche mmoja kati ya mingi isiyo na kitu. Nilijaribu tena kundi zima, nikalipanda, likafa mpaka la mwisho. Nikaacha. Shangazi naye alikuwa akihitaji chumba chake.

Lakini nilikuwa nimekopa machipukizi ya watu, na mimi si mtu wa kuonyeshwa kidole. Kwenye rafu zilibaki chupa za watoto wa kawaida, wale wanaofanana na mama zao, nilizozitunza tangu mwanzo, kila moja na jina la boma lake. Nilizigawa mara ya mwisho, nikazikomaza, na mvua ilipoanza nikakodi pikapu.

Nilianzia pale pale Dunga. Nilisugua sufuria ya presha kwa mchanga mpaka ikang'aa, nikamkabidhi shangazi pamoja na ufunguo wa chumba. Aliinusa, akaridhika, akaibandika jikoni na kutia maharagwe kabla sijawasha gari. Kisha Asembo, boma baada ya boma. Kwa kila chipukizi nililochukua nilirudisha miche miwili, mizuri, yenye majani manene. Hakuna mtu sehemu zile aliyewahi kuona miche iliyokomazwa vizuri vile. Wanawake walifurahi, waliniita daktari bila kucheka, mmoja alinifungia mayai kwenye gazeti. Kwa kila mmoja nilisema ukweli, kwamba hii si ile niliyoahidi, na kila mmoja alinijibu kwamba Mungu ni mwema.

Wa mwisho alikuwa mjane. Alikuwa ameketi pale pale nyuma ya meza yake ya ndizi, lakini ndizi zenyewe zilikuwa zimeletwa na lori kutoka mbali.

"Hizi ndizo zisizokufa?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Hizi ni safi tu."

"Zitafika wapi?"

Nilimwonyesha kwa mkono, karibu na kiuno. "Hapo udongo utazikamata. Ukibahatika utapata mkungu mmoja."

Alifikiri. "Basi panda. Mkungu mmoja pia ni chakula."

Nilichimba mashimo mawili, nikapanda, nikakandamiza udongo kwa mguu. Udongo ulikuwa mweusi na laini, mzuri wa kutazama. Alileta maji kwenye kibuyu, akamwagilia mwenyewe, akanimiminia yaliyobaki ninawe.

"Sasa sikudai," alisema.

"Hunidai, Mama."

Nilipakia trei tupu. Hakukuwa tena na boma hata moja ambalo nilikuwa na chipukizi lake. Aliniita kabla sijafunga mlango wa gari, akauliza kama amwagilie kila siku au siku moja moja, nami nikamwambia kila siku.